Mizani ya Zamani na Simu ya Leo

Hotuba juu ya kujilinda na wanunuzi wa uongo, iliyotolewa na katibu wa chama cha msingi mbele ya wanachama na maofisa, Mazwi, Sumbawanga, katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu

Ndugu Mwenyekiti, maofisa wa ushirika, na ninyi wakulima wenzangu mliotoka Laela na Mpui, Matai na Namanyere, pamoja nanyi mliopanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa:

Wasemaji walionitangulia wamesimulia mambo ya kutufurahisha: maghala yaliyojengwa, mahindi yaliyokusanywa, na mikopo iliyorudishwa. Mimi nimeombwa kusema juu ya jambo lisilo la sherehe. Walakini mkulima mwenye busara huyatazama mapengo ya ua wake hata siku ya karamu. Maana fisi hangoji karamu iishe.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi wetu sasa twauza kwa simu. Twapiga picha ya maharage, ya ulezi, ya alizeti au ya mahindi, twaipeleka Facebook, Instagram, Jiji au katika makundi ya WhatsApp, na mtu aliye mbali atuuliza bei. Ni faida kubwa. Kwetu huku juu Ufipa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduma, zamani mkulima aliijua bei moja tu, nayo ni ile aliyotajiwa na mwenye gari lililosimama mlangoni pake. Leo aweza kuuliza bei ya Mbeya na ya Dar es Salaam kabla hajanywa uji. Lakini njia ile ile aijiayo mnunuzi mwema, ndiyo aijiayo mwizi.

Naomba kwanza tukumbuke tulikotoka. Vyama vya ushirika katika nchi hii havikuanzishwa kwa kupenda mikutano. Sheria ya kwanza ya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama chao kikuu, KNCU. Katika nchi ya Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani za wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika, walijiwekea wapimaji wao wenyewe, wenye kusimama kando ya mizani na kuangalia uzito. Katika harakati hizo Bwana Paul Bomani alijulikana sana, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Na katika muda huo wote somo halikubadilika: mkulima asiyeangalia mizani kwa macho yake mwenyewe hupimiwa kwa macho ya mwingine.

Nasema hivi kwa sababu simu imekuwa mizani ya leo. Nami, Ndugu Mwenyekiti, niliwahi kuikubali mizani ya mtu mwingine. Yafaa nieleze, maana asemaye juu ya shimo bila kukiri kwamba alitumbukia humo, hasikilizwi sana.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2021. Chama chetu cha msingi kilikuwa na magunia ishirini ya maharage ya wanachama, kila gunia kilo 100. Mimi niliyapiga picha na kuyatangaza. Siku ya pili mtu akanipigia, sauti yake ya upole, akiniita "mzee wangu" kila neno la tatu. Hakubishania bei. Nilimtajia shilingi 1,800 kwa kilo, akakubali papo hapo. Jumla ikawa shilingi 3,600,000. Akasema kwamba dereva wake yuko njiani na fuso, kisha akaongeza neno moja: "Mzee wangu, huyo dereva usimwambie habari za bei. Ni kijana wa watu, ana maneno mengi." Niliona ni busara ya mfanya biashara.

Fuso likafika saa kumi jioni. Wingu lilikuwa limefunga, dereva akihimiza. Mara simu yangu ikalia. Ujumbe ukasema nimepokea shilingi 3,600,000. Jina lipo, namba ya muamala ipo, hata salio jipya limeandikwa. Nikafungua ghala. Magunia yakapakiwa. Usiku, nilipotaka kuandika daftari, nikabonyeza kuangalia salio langu, nikakuta shilingi 41,000, zile zile zilizokuwamo asubuhi. Ule ujumbe haukutoka kwa kampuni ya simu. Ulitoka katika namba ya mtu, umeandikwa kwa mkono wa mtu, kwa kuiga maneno ya kampuni.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifundisha zaidi. Tulipomfuatilia dereva, tulikuta kwamba hakuwa mwizi, wala tajiri wake wa Tunduma hakuwa mwizi. Yule mwenye sauti ya upole alikuwa amechukua picha yangu, akaitangaza kama yake, akampa yule tajiri bei ya shilingi 1,500. Tajiri akatuma gari, naye akamlipa mwizi fedha halisi alipoambiwa na dereva wake kwamba magunia yamekwisha pakiwa. Mwizi alisimama katikati yetu kama dalali: kwangu alikuwa mnunuzi, kwa tajiri alikuwa muuzaji, na kumbe hakuwa na gunia wala senti. Tajiri naye alikuwa ameambiwa amwonye dereva asizungumze bei, "kwa kuwa mwenye ghala ni mjomba wangu, hapendi maswali." Laiti ningalimwuliza dereva maneno mawili tu, "Nani amekutuma, na mmepatana kwa bei gani?", hila yote ingalifunuka kabla gunia la kwanza halijainuliwa.

Katika magunia yale ishirini, manne yalikuwa ya mama mmoja mjane, mwanachama wetu tangu chama kilipoanza. Alikuwa akizitegemea fedha zile kwa mahitaji ya mjukuu wake aliyekuwa anakwenda shule ya bweni. Nilipokwenda kumweleza, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Baba, wewe ulizihesabu zile fedha?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuzihesabu; nilisoma barua ya mwizi iliyosema kwamba zimehesabiwa. Mkutano mkuu ulikata shauri kwamba chama kilipe nusu kutoka katika akiba yake, nami nilipe nusu. Nilimaliza deni langu baada ya misimu miwili. Hasara hiyo ilikwisha. Hasara nyingine ilichelewa zaidi: wanachama kadhaa walisema kwamba simu ni mambo ya wezi, wakarudi kuuzia walanguzi barabarani, kwa lumbesa na kwa bei ya kutajiwa. Mwizi mmoja aliiba mara moja. Hofu ikatuibia msimu mzima.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia muache kuuza kwa simu. Nimekuja kuwaambia tuweke mpimaji wetu kando ya mizani hii mpya, kama walivyofanya wale wa pamba. Nitaeleza hila ambazo muuzaji mgeni hana budi kuzijua, kisha niseme la kufanya.

Hila ya kwanza ni ujumbe wa uongo, nimekwisha kuieleza. Dawa yake ni moja: usisome ujumbe, tazama salio. Bonyeza mwenyewe, katika simu yako mwenyewe, uone kama fedha zimeongezeka. Usikubali kuonyeshwa katika simu ya mnunuzi, wala usikubali picha ya stakabadhi ya benki. Picha yaweza kubadilishwa. Mtu akisema "mtandao uko chini, fedha zitaingia baadaye," mwambie kwa adabu kwamba magunia nayo yatatoka baadaye.

Hila ya pili ni ile ya kulipa kupita kiasi. Mnunuzi atakwambia, "Nimekosea, nimetuma 900,000 badala ya 600,000, tafadhali nirudishie 300,000, mgonjwa wangu yuko hospitali." Muuzaji mwenye huruma hutuma upesi, na fedha azitumazo ni zake mwenyewe, maana zile za mgeni hazikufika kamwe. Hila hii ina ndugu zake ng'ambo. Huko Marekani wezi hutumia hundi: benki huweza kuonyesha fedha katika hesabu ya muuzaji kabla hundi yenyewe haijathibitishwa, naye hurudisha ziada, kisha hundi ikaonekana mbovu na benki ikamdai yeye. Hata hapa kwetu hundi iliyopelekwa benki si fedha mpaka benki yako yenyewe ikuhakikishie kwamba imepita. Na kama kweli mtu amekosea kutuma, utaratibu wa kurudisha uko kwa kampuni ya simu. Mwambie aipigie kampuni yake. Wewe usirudishe kwa mkono wako.

Hila ya tatu ni kinyume cha hiyo. Mnunuzi hulipa fedha za kweli, akachukua mali, kisha akaipigia kampuni na kudai kwamba alituma kwa namba isiyo sahihi. Fedha zaweza kuzuiliwa wakati madai yanapochunguzwa. Hapa kinga yako ni maandishi. Kabla ya kutoa mali, mnunuzi aandike katika ujumbe: nanunua kitu gani, kiasi gani, bei gani, kutoka kwa nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yautambua mkataba na kumbukumbu za namna hiyo. Tena jina la aliyelipa na liwe ndilo la aliyenunua. Anayelipa akiwa mwingine, uliza kwa nini, na umsikie huyo mlipaji mwenyewe.

Hila ya nne ni ya mnunuzi mkubwa mno. Atasema anatoka ng'ambo, au ana zabuni ya shule, ya jeshi au ya shirika la wakimbizi; ataka tani mia za maharage, bei nzuri kupita soko. Lakini kwanza ulipe ada ya kuandikishwa, au ya kibali, au ya bima, au ya kupima ubora. Ukilipa moja, huzaliwa nyingine. Ndugu zangu, mnunuzi ni mtu aletaye fedha. Akianza kukuomba fedha, hujampata mnunuzi.

Hila ya tano ni ya kuiba ufunguo. Mtu asema, "Siku hizi matapeli ni wengi, nataka kuhakikisha kwamba wewe ni muuzaji wa kweli. Nimekutumia tarakimu sita, nisomee." Tarakimu zile ni ufunguo wa WhatsApp yako au wa hesabu yako, ukizisoma, yeye ndiye atakayekuwa wewe, na kesho atawaomba fedha jamaa zako kwa jina lako. Wengine hutuma kiungo, wakisema ukibonyeze na kuandika namba ya siri ili malipo "yaingie." Shikeni neno hili: kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri. Namba ya siri hutumika kwa kutoa. Anayeiomba, awe anajiita mnunuzi au mfanyakazi wa kampuni, ataka kutoa.

Hila ya sita haina haja ya mtandao kuwa mbovu wala ujumbe kuwa wa uongo. Mali huondoka salama, kisha mnunuzi asema imefika pungufu au imeoza, na adai arudishiwe. Hapa ushirika una nguvu kuliko mkulima aliye peke yake. Pimeni mbele ya dereva, katika mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Hesabuni magunia, pigeni picha pamoja na namba ya gari, na dereva atie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo hawakuwa na simu, lakini walikuwa na akili.

Mtaniuliza, ni dalili gani zinazotangulia hila hizi zote? Zatofautiana maneno, lakini tabia yao ni moja. Kwanza ni haraka. Mwizi daima ana gari linalongoja, mgonjwa, mvua au benki inayofungwa. Pili ni kukubali bei bila kubishana. Mnunuzi wa kweli wa maharage hubishana hata shilingi hamsini, na huuliza juu ya unyevu na takataka. Tatu ni kukutenga: atakuomba usizungumze na dereva, usizungumze na chama, mtoke mahali palipotangazwa mzungumze faraghani. Popote utakapoambiwa usimwulize mtu fulani, huyo ndiye wa kumwuliza kwanza.

Basi tufanye nini? Katika chama chetu cha msingi tuliweka kanuni moja baada ya msiba ule, nami naileta mbele ya mkutano huu ili vyama vingine viifikirie. Mlango wa ghala haufunguliwi kwa neno la mtu mmoja. Katibu huzungumza na mnunuzi. Mweka hazina, ambaye hakuzungumza naye wala hakuisikia sauti yake ya upole, huangalia salio na kuandika katika daftari. Mtunza ghala hafungui mpaka aone sahihi ya mweka hazina. Malipo huingia katika hesabu ya chama, si katika simu ya mtu binafsi. Na dereva huulizwa maswali yale mawili kila mara, hata akiwa ni mtoto wa jirani. Mnunuzi mwema hakasiriki. Wapo waliotuambia kwamba wamerudi kwetu kwa sababu hiyo, kwa kuwa chama kinachohesabu fedha zake kwa makini huaminiwa kupima magunia kwa makini vile vile.

Kanuni hiyo si uvumbuzi. Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005, una msingi huo huo: mali hukaa mahali salama, na karatasi yake hulindwa kama mali yenyewe. Sisi tumeuleta msingi huo mpaka kwenye gunia moja la mkulima mdogo.

Na kama hasara imekwisha kutokea? Usione haya ukanyamaza. Aibu ya aliyeibiwa ndiyo blanketi la mwizi. Piga simu kwa kampuni yako saa ile ile, kwa namba yake inayojulikana, si kwa namba uliyotumiwa katika ujumbe. Usifute maandishi yoyote. Nenda polisi uandikishe, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu udanganyifu, kughushi na kujifanya mtu mwingine kuwa ni makosa. Ujumbe wa kitapeli, kama ule maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii," upeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na namba iliyoutuma. Na kila mmoja wetu abonyeze *106# aone ni laini ngapi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake. Asiyoijua aitolee taarifa, isije ikatumika kumwibia mwenzake kwa jina lake. Mwisho, waambie wanachama wenzako. Mwizi aliyekosa Mpui hujaribu Matai, na habari ya mkulima mmoja yaweza kuwa ukuta wa kijiji kingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimekaribia mwisho. Mama yule mjane yu hapa leo, ameketi pamoja na wanachama wenzake, na maharage yake ya msimu uliopita yaliuzwa kwa simu. Kabla hayajapakiwa, alikuja dirishani kwa mweka hazina akauliza swali lake lile lile: "Baba, mmezihesabu?" Mweka hazina akamgeuzia kioo cha simu ya chama, akamwonyesha salio, akalisoma yeye mwenyewe kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu. Ndipo ghala likafunguliwa.

Naomba kila chama kilichowakilishwa hapa kirudi nyumbani na swali hilo, kiliandike juu ya mlango wa ghala lake. Miaka kumi tumejenga kuta za matofali. Miaka kumi ijayo na tujenge desturi hii, ambayo haina gharama ila kungoja dakika chache.